Sijala Tangu Asubuhi

(Niliyosema kwenye kikao cha kikundi chetu cha vikoba, Kihesa, Iringa, mwezi wa saba. Nimeandika kama yalivyotoka, na makelele yake. Kamwene ni salamu ya Kihehe.)

Kamwene! Mnh, mnaitikia kama watu mliomwagiwa maji. Haya, kamwene tena. Najua baridi la mwezi wa saba siyo la mchezo, mimi mwenyewe hapa nimevaa masweta mawili, kwa hiyo leo naonekana mnene kuliko nilivyo, msinihukumu.

Mwenyekiti kaniomba niongelee kupungua mwili. Mnanijua, nimekuwa nesi miaka thelathini na ushee, sa hivi nimestaafu nafuga kuku. Miaka yote hiyo mtu akija na kisukari au presha namuuliza, umekula nini leo? Jibu la watu wa kwetu mnalijua. "Sijala tangu asubuhi, sista." Alafu anapanda kwenye mzani, mzani unasoma 98.

Sasa siyo kwamba anadanganya. Mbane kidogo utaona. Chai umekunywa? Eeh, chai nimekunywa. Na nini? Na chapati mbili. Saa nne? Alipita kijana wa karanga. Mchana? Nilikunywa soda tu na andazi, sikuwa na njaa. Huyo kwa akili yake hajala! Kwa sababu kwetu sisi kula ni ugali, au wali siku ikiwa nzuri, vingine vyote tunaita kutuliza tumbo. Mtu mpaka ashike tonge ndo anasema amekula. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, nesi mzima, mpaka nikafika kilo 94, ngazi za wodini nashika ukuta.

Kwa hiyo leo sitawaambia mle majani kama mbuzi. Nataka tuhesabu hivi vya kutuliza tumbo, maana ndiko mwili unakotokea.

Tuanze na chai. Na hili baridi mtu anakunywa vikombe vinne kwa siku bila hata kujua, si ndo kujipasha moto? Kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Vinne mara tatu, kumi na mbili. Kijiko cha chai kina sukari gramu 4 hivi, kwa hiyo umeshafika gramu 48 na bado hujaweka kitu mdomoni zaidi ya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, yaani kipimo cha nguvu ya chakula, sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Chai peke yake imemaliza bajeti. Ukishushia na soda moja ya kawaida ya mililita 350, nyingi zina gramu 35 mpaka 40, ni vijiko kama tisa. Hakuna mtu humu akiwekewa vijiko tisa kwenye glasi ya maji atakunywa, ila ikiwa baridi na ina gesi inapita vizuri tu.

Mimi nilishuka kutoka vijiko vitatu mpaka nusu, na sikushuka kwa siku moja, nilipunguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi ukazoea wenyewe. Sasa hivi nikienda ugenini wakanipa chai ya kwao naona kama nakunywa asali.

Sasa hili la mafuta naomba msikilize, wa nyuma kule acheni kuhesabu hisa kwanza. Nani hapa ananunua mafuta ya lita? Mama mwenye kilemba cha njano, lita inakaa siku ngapi? Siku tano. Mko wangapi nyumbani? Wanne. Sawa. Angalieni hapa, nimekuja na chupa ya lita, glasi na kijiko cha chakula, kile kikubwa cha kulia wali. Lita moja inatoa vijiko hivi kama sitini na sita. Gawa kwa watu wanne, gawa kwa siku tano, kila mtu anapata vijiko vitatu na zaidi kwa siku. Namimina kwenye glasi... kimoja... viwili... vitatu... na hiki kidogo. Hebu ipitisheni glasi, kila mmoja aione. Hayo ndo unakunywa kila siku, wewe na mwanao wa darasa la pili. Kijiko kimoja kina kalori kama 120, hapo kwenye glasi ni 400. Ukitaka kuzichoma kwa miguu utatembea haraka zaidi ya saa nzima. (Mama anasema, "lakini sista, mimi mafuta naweka kidogo!") Nakuamini mama yangu, ila unamimina kutoka kwenye chupa, jicho halipimi. Pima kwa kijiko. Sufuria ya mboga ya watu wanne vijiko viwili vinatosha kabisa, na maharage ukiyaunga kwa nyanya za Ilula zilizoiva vizuri na kitunguu hayahitaji kuogelea.

Ndo maana kiazi nakitetea. Kiazi cha kuchemsha gramu 100 hakifiki kalori 90. Kipeleke kwenye karai kiwe chipsi, uzito ule ule unaenda mpaka 300, hapo hujavunja mayai juu. Kiazi hakina kosa, kosa lipo kwenye karai.

Mandazi na chapati ni hesabu hiyo hiyo, unga mweupe umekunywa mafuta, wala sitawachosha.

Ugali sasa. Najua mlikuwa mnasubiri niukataze ili mniondoe ukumbini. Siukatazi. Ila unga robo kilo una kalori kama 900, na kuna wanaume humu robo kilo wanaimaliza mlo mmoja na kutafuta ukoko. Baba yangu alikula ugali wa hivyo maisha yake yote akafa mwembamba, lakini alikuwa anaamka saa kumi na moja na jembe, anapanda mlima na kushuka, kuni kichwani, jioni anafuata ng'ombe. Sisi tumerithi sahani yake hatukurithi jembe. Mtu anashinda kwenye cherehani, anashinda dukani, kutoka Ipogolo kuja mjini anapanda boda hata kama hana haraka, jioni anadai mlima wa ugali kama aliyetoka kulima.

Gawanyeni sahani hivi. Nusu nzima iwe mboga za majani, mnafu, figiri, majani ya maboga, chochote kilichopo sokoni, na tunda pembeni. Robo iwe maharage au samaki au dagaa au yai au kipande cha nyama. Robo iliyobaki ndo ugali, kama ngumi yako mwenyewe, ngumi yako siyo ya mumeo. Na ukiweza ule dona, kalori zake hazipishani sana na sembe ila lile ganda lina nyuzinyuzi, unashiba na shibe inakaa.

Na hapa nitoke nje ya mada kidogo maana inaniuma. Mkoa wetu huu tunalima mahindi, viazi, maharage, nyanya, tunalisha watu mpaka Dar, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 umekuta watoto wa Iringa chini ya miaka mitano asilimia 57 wamedumaa, tunaongoza nchi nzima, wakati wastani wa Tanzania ni 30. Nyumba moja mama ana kilo 95 na mtoto kadumaa, watu wanasema ni maajabu. Yapo mengine, maradhi ya kuhara, mama kuwa shambani kutwa, lakini sahani ipo kati kati. Mtoto uji mweupe asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, na mchuzi wa kulowanisha, tumbo lake dogo linajaa kabla hajapata cha kumjenga. Mama naye wanga ule ule unamzidi, unakuwa mafuta. Mayai tunapeleka sokoni kununua soda. Samahani, nimepandisha sauti.

Turudi. Parachichi, mmeniuliza kabla sijaanza. Ni zuri, mafuta yake ni mazuri, ila gramu 100 zina kalori 160, kwa hiyo lile kubwa la Njombe ni la kugawana, na ukila parachichi basi siku hiyo mboga usiikaange. Ndimu na maji ya moto haziyeyushi mafuta ya tumbo, ukizipenda kunywa. Ulanzi, kaka zangu mnacheka, gramu moja ya pombe ni kalori 7, na bado kuna ule mshikaki unaoufuata.

Na chai za kupunguza tumbo mziogope. Mimi nilinunua, nesi, tena kwa siri. Siku nne sikutoka nyumbani, choo na kitanda tu, mzani ukashuka kilo mbili nikafurahi kama mjinga. Nilivyokuja kunywa maji wiki iliyofuata zote zikarudi, maana yalikuwa ni maji siyo mafuta. Nyingi ya hizo zina dawa za kuharisha. Mwili ukipungua vizuri ni nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo, mimi kutoka 94 mpaka 81 imenichukua mwaka na nusu na kuna miezi haikushuka hata gramu.

Mjamzito usipunguze, anayenyonyesha aje tuongee kwanza. Anayetumia dawa za kisukari asianze kupunguza chakula kabla hajamwambia daktari wake, sukari inaweza kushuka akaanguka.

Haya, mwisho kazi ya mikono. Mzani hatuna ila nimekuja na kamba. Simama wima, mwenzio apime urefu wako kutoka kichwani mpaka kisigino, akate hapo. Kunja kamba katikati iwe nusu, zungusha kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana vizuri shukuru. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, mafuta yamekaa tumboni karibu na ini na kongosho, na hayo ndo yanayotuletea kisukari. Kamba uiweke kabatini, uitoe kila mwisho wa mwezi.

Foleni, jamani, msisukumane, kamba inatosha. Baba mwenye kofia njoo wewe wa kwanza. Simama... sasa mbona unabana tumbo kama unapigwa picha ya kitambulisho? Pumua. Pumua, baba, sitangazi. Haya, zungusha.