Ng'ombe Atabaki na Nani?

AIKA: Tunarekodi? Haya. Mtanisamehe sauti, tangu Jumanne sijalala vizuri. Mama kaanguka.

ELISANTE: Tuliahidi kuzungumzia ada za shule kwenye kipindi leo. Ada zitasubiri.

AIKA: Zitasubiri. Jumanne saa moja asubuhi anapiga jirani wa kule Uru, mlimani Kilimanjaro, anaanza na salamu ndefu, mume hajambo, watoto hawajambo, nikajua kuna jambo. "Mama mzima, ila mkono." Alikuwa anatoka kukata majani, mzigo kichwani, akavuka mfereji, mguu ukateleza. Jirani anasema alikaa pale chini karibu saa nzima. Ana miaka 78, Elisante.

ELISANTE: Pole sana, dada. Mfupa umevunjika?

AIKA: Kifundo cha mkono wa kulia. Amefungwa hogo, plasta ile ngumu, wiki sita. Hospitali tulipita dirisha la wazee, hapo nashukuru, hatukukaa sana. Sasa nimemshika, mkono unaning'inia, ananiuliza swali lake la kwanza: "Ng'ombe kala?"

ELISANTE: [anacheka] Mama yetu!

AIKA: Jioni tukafanya kikao kwenye kundi la familia. Kaka mkubwa yuko Dar, anasema mama ashuke akae kwangu mimi. Kitinda mimba yuko Mwanza, anasema tutafute dada wa kazi. Na dada yangu wa Minnesota, mnamjua, yule anayelea wazee, akaandika saa tisa za usiku huku kwetu: "Nimetoka kumwogesha mama wa mtu. Wangu kaanguka na sipo." Sikuwa na la kumjibu.

ELISANTE: Hiyo ni nzito.

AIKA: Nzito sana. Ila alituma kitu, nikasema ndiyo iwe mada. Kule, kabla mzee hajapangiwa pa kuishi, wanatazama mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja, na kula. Ni kipimo cha daktari anaitwa Sidney Katz, cha mwaka 1963. Anayeyamudu yote anabaki kwake. Anayehitaji kushikwa mkono kidogo, kuna nyumba zenye wasaidizi. Aliyeelemewa kabisa, kuna nyumba zenye wauguzi usiku na mchana. Nikasema tupite moja moja, halafu mwishoni tuwape wasikilizaji namna ya kuamua.

ELISANTE: Twende. Kuoga?

AIKA: Mpaka Jumatatu alikuwa anajichotea maji mwenyewe.

ELISANTE: Kuvaa?

AIKA: Kwa mkono mmoja kanga haifungiki. Na kukamua hawezi.

ELISANTE: Kukamua haiko kwenye orodha.

AIKA: Kwake ndiyo namba moja!

ELISANTE: Ngoja kwanza, huyo ng'ombe ana hali gani?

AIKA: Ana mimba ya miezi sita. Anatoa lita tano, na mwezi ujao ilikuwa aachwe kukamuliwa apumzike kabla ya kuzaa. Jirani anamkamua kwa sasa, ila anasema ng'ombe anamrushia mateke, amezoea mkono wa mama.

ELISANTE: Majani je? Maana kiangazi hiki kule juu hakuna kitu.

AIKA: Tunanunua ya kutoka tambarare. Na migomba anamkatia, na pumba.

ELISANTE: Na maji, ndoo kwa ndoo. Unaona? Mimi huyo ng'ombe simwoni kama mzigo. Samadi yake ndiyo inalisha mgomba, mgomba unaweka kivuli kwenye kahawa, na mama anakula ndizi zake. Mtoe ng'ombe leo, mwaka wa pili shamba lenyewe litakwambia. Na kingine, ng'ombe ndiye anayemwamsha. Mzee mwenye ng'ombe hana siku ya kubaki kitandani bila watu kujua, kwa sababu ng'ombe atalia mtaa mzima usikie.

AIKA: Jumanne hakulia.

ELISANTE: Jumanne alikuwa ameshashiba?

AIKA: [anacheka] Alikuwa hajala! Ndiyo maana mama alikuwa kwenye majani!

ELISANTE: Basi ng'ombe ana kesi ya kujibu.

AIKA: Ana kesi. Lakini nisikilize. Chumba kipo kwangu, sakafu kavu, choo ndani, hospitali dakika kumi. Nikienda kazini kuna mtu nyumbani. Kwa nini nimwache avuke mfereji?

ELISANTE: Kwa sababu hajaomba kuvushwa. Dada, unajua habari ya mzee wangu, nimeisema humu mara nyingi, leo naisema tena. Tulimshusha kutoka Kibosho kwa upendo kabisa. Chumba kizuri, godoro jipya. Kila asubuhi anavaa koti, anakwenda kukaa getini. Unamuuliza, "Baba, unamsubiri nani?" Anasema, "Hakuna." Miaka miwili. Hakuugua kitu cha kutaja, alikuwa mgeni tu nyumbani kwangu. Tulimrudisha juu kumzika.

AIKA: Pole, kaka. Najua.

ELISANTE: Kwetu Wachaga jambo hili lilikuwa na utaratibu. Kitinda mimba wa kiume anaachiwa nyumba ya wazazi na kihamba, lile shamba la ukoo, na anaachiwa wazazi humo humo. Havikutenganishwa. Leo kitinda mimba wenu yuko Mwanza, kihamba anakihesabu chake, mama amekuwa ajenda ya kundi.

AIKA: Hapo umesema kweli, na atasikia, maana anasikiliza kipindi. Lakini siwezi kumvuta arudi, ana kazi na watoto wanasoma. Utaratibu ule ulitaka mtu awepo. Mtu hayupo.

ELISANTE: Basi mlipeni mtu awepo. Si binti wa miaka kumi na sita wa kufagia. Mtu mzima, anayelala pale, mwenye mshahara unaoeleweka, anayejua dawa na anayejua ng'ombe.

AIKA: Umerudi kwa ng'ombe tena!

ELISANTE: Hatoki humu leo.

AIKA: Na makazi ya wazee? Njoro pale ni ya serikali, lakini ni kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Mama ana watoto wanne. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka familia mbele, makazi yakaja mwisho.

ELISANTE: Na mimi nasema tusiyaogope. Kungekuwa na nyumba nzuri ya kulipia huko huko Uru, wazee wanakaa pamoja, wanaongea Kichaga chao, kuna muuguzi, aibu iko wapi?

AIKA: Aibu haipo, fedha ndiyo haipo. Dada anasema hata Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii kukaa muda mrefu kwenye nyumba hizo. Mtu anatumia akiba yake mpaka inaisha, ndipo Medicaid, ile ya serikali kwa wasio na uwezo, inaingia. Wengine wanauza nyumba. Sisi tuuze nini? Kihamba baba amelala pale.

ELISANTE: Kihamba hakiuzwi.

AIKA: Hakiuzwi. Kwa hiyo ni kwangu.

ELISANTE: Au ni kwake. Ulimuuliza?

AIKA: Elisante, alisema hataki. Lakini alikuwa chini saa nzima! Akianguka usiku? Wewe unaumia kwamba ulimleta baba. Mimi nikimwacha halafu nipigiwe simu nyingine ya salamu ndefu, nitaongea nini?

ELISANTE: Utasema aliishi anavyotaka.

AIKA: Sitaweza kusema hivyo. Sitaweza.

ELISANTE: Na mimi sitaweza kukwambia mlete. Nilishakiona kile kiti cha getini.

AIKA: Basi.

ELISANTE: Basi.

[kimya]

AIKA: Fundi mitambo ananionyesha vidole, dakika mbili. Tulikuwa na mambo sita!

ELISANTE: Tumefika kuvaa.

AIKA: Kuvaa! Na nilikuwa nimeandika namna ya kugawana gharama kati ya ndugu, ukurasa mzima. Itabidi tuache. Wasikilizaji, mwenye mzazi aliyeko juu na ameshapitia hili, tutumie ujumbe wa sauti. Nasikiliza yote, nakuahidi.

ELISANTE: Jumamosi majani nani anapeleka?

AIKA: Bado sijapata mtu.

ELISANTE: Nina pikapu. Nitapitia tambarare nijaze.

AIKA: Unapeleka ili mama ashinde kesi.

ELISANTE: Napeleka kwa sababu Jumamosi ng'ombe atataka kula, hata kama sisi bado tunabishana.

AIKA: Saa ngapi?

ELISANTE: Kumi na mbili asubuhi niko kwako. Nataka tumkamue wenyewe.

AIKA: Una mkono wa kukamua wewe?

ELISANTE: Nilikuwa nao. Mwambie mama anisimamie tu, akae kwenye kigoda, asiguse ndoo.