"Si Kweli": Kesi ya Steve Harmon kwa masikio ya mkalimani

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Dar es Salaam)

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni. Nyie wa nyuma sogeeni mbele, viti havina kodi. Feni ya upande ule wa dirisha nimeambiwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo joto tutagawana.

Mwalimu wenu amenitambulisha kama mtaalamu wa fasihi. Kanivisha kilemba cha ukoka. Mimi nilikuwa karani wa mahakama, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa ilikuwa ukalimani: kusimama kati ya meza ya jaji na kizimba, kutoa maneno huku na kuyafikisha kule. Vijana wa leo hamjui adha ile. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo shahidi anatoka Mbagala anaeleza kwa Kiswahili, wakili anauliza kwa Kiswahili, jaji anaelewa Kiswahili vizuri kabisa, lakini kalamu yake inaandika Kiingereza. Mkalimani hana maoni. Kesi ikiisha, aliyefungwa kafungwa na aliyeachiwa kaachiwa, wewe unakwenda kunywa chai na chapati.

Basi riwaya hii mliyopewa msome, Monster ya Mmarekani Walter Dean Myers, mimi nimeisoma kwa masikio yale ya mkalimani. Sitawafundisha dhamira na maudhui. Hayo mtaandikiwa ubaoni.

Nianze na maneno mawili. Kwetu, shtaka likishasomwa, mshtakiwa anaulizwa: ni kweli au si kweli? Naye anajibu, "Si kweli." Jaji anaandika kwamba mshtakiwa amekana hatia. Mnaona kilichotokea hapo? Mtu amesema habari ya ukweli, kitabu kimeandika habari ya hatia. Katika Kiingereza cha mahakama mshtakiwa haulizwi kama jambo limetokea. Anaulizwa kama ana hatia, na akijibu kwamba hana, maana yake ni: thibitisheni basi. Anaweza kulisema hilo hata kama moyoni anajua alichofanya, na hajadanganya mtu. Lakini kijana wa Kiswahili anayesema "si kweli" amekwisha kujifunga kwenye jambo lililotokea au lisilotokea. Nimelitamka neno hilo mara nyingi sana nisijue uzito wake, mpaka nilipomsoma Steve Harmon.

Wengine najua hamjakisoma. Usiangalie chini, binti, sikusemi wewe peke yako. (Kicheko) Nitaeleza kwa ufupi. Steve ana miaka 16, ni Mwamerika mweusi wa Harlem, New York, na shuleni yumo katika klabu ya filamu. Mwenye duka la dawa mtaani kwao, Bwana Nesbitt, ameuawa katika tukio la wizi, kwa bastola yake mwenyewe. Walioingia dukani ni wawili, James King na mwenzake wanayemwita Bobo. Bobo amekubali kutoa ushahidi ili apunguziwe adhabu. Anaeleza mbele ya mahakama, bila aibu, kwamba walipotoka pale, mtu amelala sakafuni, wao walikwenda kula kuku wa kukaanga. Steve anadaiwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuingia dukani aangalie kama njia nyeupe, kama hakuna askari ndani. Hiyo tu. Hakushika bastola, hakumgusa mzee. Lakini kwa sheria ya kule, ukishiriki wizi wa namna ile na mtu akafa, kifo ni chako pia.

Msiseme "Ah, Wamarekani hao." Hata Kanuni ya Adhabu yetu ina kifungu cha watu waliokuwa na nia ya pamoja. Mkikubaliana kufanya kosa, na katika kulifanya likazaliwa kosa jingine ambalo lilitarajiwa kutokea, kila mmoja wenu amelitenda. Aliyebaki kwenye bodaboda na injini inawaka, yumo. Wavulana, hilo mlisikie vizuri, halafu tuendelee.

Nimejaribu kumhamishia Steve hapa Dar, kwa kujifurahisha tu kama mtu aliyezoea mafaili. Angefikishwa kwanza mahakama ya chini, na pale angeambiwa hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama ile haina uwezo wa kusikiliza shtaka la mauaji. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, rudi baada ya siku 14. Inatajwa tena. Upelelezi haujakamilika. Mauaji hayana dhamana. Kwa hiyo kuna muda mrefu, na hapa naomba wazazi mnisikilize, ambao mtoto haruhusiwi hata kusema lile "si kweli" lake. Mama yake anasimama nje pamoja na ndugu wengine, amebeba chakula kwenye mfuko, anasubiri gari lipite amwone kwa sekunde mbili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na ikaunda Mahakama ya Watoto, lakini kesi ya mauaji haimalizikii huko, inakwenda Mahakama Kuu. Mtoto hahukumiwi kunyongwa. Anawekwa kizuizini kwa muda ambao Rais ataona unafaa. Jaribuni kumweleza mama maneno hayo. Atakuuliza: ndiyo miaka mingapi, mwanangu? Na wewe karani huna namba ya kumpa.

Tofauti nyingine ni kwamba kule anayeamua ni juri, raia 12 wa kawaida walioitwa kutoka majumbani kwao. Sisi hatujawahi kuwa na hilo kwa namna yao. Tulikuwa na wazee wa baraza, wanakaa na jaji, wanatoa maoni, lakini maoni yao hayakumfunga. Hii ni muhimu kwa riwaya, maana Myers amemweka msomaji katika kiti cha mjumbe wa 13. Unapewa ushahidi ule ule wanaopewa wao. Halafu anakupa na kitu ambacho wao hawapati: daftari la Steve.

Nalifikia hilo daftari. Kwanza jina la kitabu.

Monster utaliitaje kwa Kiswahili? Mwendesha mashtaka, Sandra Petrocelli, analitumia neno hilo anapofungua kesi yake: katika jamii yetu wamo viumbe wa namna hiyo, walio tayari kuiba na kuua. Steve anakwenda kuliandika daftarini, anarudia na kurudia kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika mistari. Nilipojaribu kutafsiri, neno la kwanza lililonijia ni zimwi. Lakini zimwi letu lina ujirani ndani yake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la Kiswahili linaweza kukujua, na kwa kukujua likakubakiza kidogo. Pale mahakamani hakuna anayemjua Steve. Mwalimu wake wa klabu ya filamu, Bwana Sawicki, anakuja kumtetea, anasema huyu ni mtoto mwema, filamu zake zinaonyesha. Petrocelli anamuuliza, wewe unaishi mtaa ule? Haishi. Basi amekwisha.

Nikafikiria nduli. Wazazi wenye umri wangu wanacheka, wanajua ninakokwenda. Nduli kwetu alikuwa mmoja, Idi Amin, wakati wa vita vya 1978 na 1979. Redio ilisema nduli, magazeti yaliandika nduli, na sisi watoto tuliimba nduli. Neno liliposhafanya kazi ile halikurudi tena kuwa neno la kawaida. Ndiyo sifa ya maneno haya, yakishakaa juu ya mtu hayabanduki. Sasa angalieni jiji letu. Lilipokuja jina la Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, kijana yeyote wa Temeke au Buguruni anayetembea na wenzake watatu saa mbili usiku alikuwa tayari ana jina. Sisemi hawakuwepo. Walikuwepo, waliumiza watu, na aliyekatwa panga usimhubirie habari ya lugha. Nasema jina lilikuwa pana kuliko wao. Wakili wa Steve, Kathy O'Brien, anamwambia kitu kama hicho waziwazi: nusu ya wale wa juri walikwisha kuamua walipomwona tu, kwa sababu ni kijana, ni mweusi, na ameketi pale.

Nilibaki na zimwi, kwa kukosa lingine. Mwenye bora anipe baadaye.

Sasa daftari. Kitabu kimeandikwa kwa namna mbili. Sehemu kubwa ni mswada wa filamu, kwa sababu Steve ameamua kuigeuza kesi yake kuwa filamu ili aweze kuivumilia. Kamera inasogea, inamwonyesha jaji, inaonyesha mikono ya mtu. Humo Steve ni mhusika kama wengine. Halafu katikati zinaingia kurasa za daftari, zenye mwandiko wa mkono, na humo ndimo anamosema mimi. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni silabi moja. Katika filamu, *a*liingia dukani. Katika daftari, *ni*liingia dukani. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikisikia watu wakiteleza kati ya silabi hizo mbili. Mtu anaeleza vizuri, niliamka, nilikwenda, nilimkuta fulani, na ghafla, pale penyewe, anasema: "Basi mtu akapigwa." Nani kampiga? "Akapigwa tu."

Daftarini Steve anaandika kwamba aliingia dukani kutafuta peremende, akatoka. Kuna ubaya gani katika hilo? Hakumwua Bwana Nesbitt. Haya, sawa. Lakini kizimbani, chini ya kiapo, anaulizwa kama siku ile alikuwa ndani ya duka lile, naye anajibu kwamba hakuwepo.

Mmeona? Naona baadhi yenu mmeona, na wengine mlipita hapo mbio mkitafuta hukumu. Rudini. Peremende na kutokuwepo haviwezi kukaa nyumba moja. Na Myers hakutengenezei. Hakuna ukurasa wa mwisho unaosema kilichotokea ni hiki. Wanafunzi wengi hukasirika hapo, wanasema mwandishi kamaliza vibaya. Mimi nasema ndiye mwandishi pekee niliyemsoma wa kesi za mauaji aliyeniheshimu kiasi cha kuniacha na mkanganyiko ule ule ninaotoka nao kazini.

Na kabla Steve hajapanda kutoa ushahidi, O'Brien anamfanyia mazoezi. Ana kikombe. Anamuuliza maswali kama atakavyoulizwa. Jibu likimpendeza kikombe kinabaki wima, lisipompendeza anakigeuza kifudifudi, na Steve inabidi atafute jibu jingine. Hamwambii adanganye. Hajasema neno hilo hata mara moja. Ni kikombe tu, kinageuka. Mimi nadhani huo ndio ukurasa mkubwa wa kitabu, mkubwa kuliko hukumu yenyewe, na walimu mkitaka swali la mtihani chukueni hilo.

(Hapo mwanafunzi aliuliza kama filamu ya kitabu hiki ipo. Ipo, Netflix waliitoa mwaka 2021. Angalieni baada ya kusoma, si kabla, maana filamu ina haraka.)

Hukumu inatoka: King ana hatia, Steve hana. Anageuka, anafungua mikono amkumbatie wakili wake. O'Brien anakakamaa, anageukia makaratasi yake. Mwanamke aliyemwokoa, na kwa mkono huo huo uliogeuza kikombe, hataki kumgusa. Sisi tungesema "ameonekana hana hatia", na mtaani tungesikia "hakufanya". Mahakama haikusema hivyo. Imesema upande wa mashtaka haukuthibitisha pasipo kuacha shaka. O'Brien anaijua tofauti hiyo kwa mwili wake. Baba yake Steve naye anaijua. Anahama, na Steve anaandika kwamba baba yake hana tena uhakika yeye ni nani. Na miezi baadaye Steve yuko chumbani anajipiga picha za filamu, upande huu, upande ule, anatafuta kile alichokiona O'Brien.

Naona mlinzi ananionyesha saa. Nina jambo moja, halafu mtaniuliza.

Kulikuwa na mtoto. Mahakama siitaji, wala mwaka. Alikuwa na umri kama wa hawa walioketi mstari wa kwanza, shati la shule kalivaa, nadhani ndilo lilikuwa safi. Shtaka likasomwa kwa Kiingereza, nikalileta kwa Kiswahili, nikamuuliza: ni kweli au si kweli? Akanyamaza. Jaji akainua uso. Nikamuuliza tena, na safari hii sauti yangu ilipanda kidogo kwenye lile la pili, *si* kweli, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Sikukusudia. Au nilikusudia, sijui. Akasema, "Si kweli." Jaji akaandika. Wakati anashushwa alipita karibu na meza yangu, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Shikamoo mzee. Nimejibu sawa?"

Nilimwitikia shikamoo yake.