Adui na Ndoo Yake

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni zamu ya maadui. Wale wa hadithini, kaka Baraka, usinitazame hivyo.

BARAKA: Mimi nimejileta mwenyewe kikaangoni. Nimekuja na muswada wangu wa zamani, fantasia tupu, kurasa 300. Adui wake anaitwa Mfalme wa Giza.

ZUHURA: Anataka nini?

BARAKA: Kuitawala dunia yote. Rafiki yangu aliyeusoma aliniandikia pembeni kwa penseli: "Akishaitawala, kesho yake akiamka anafanya nini?" Nilikaa na swali lile wiki nzima. Jibu sina mpaka leo.

ZUHURA: Pole, ila hupo peke yako. Mtu anachora ramani miezi sita, kila mto una jina, kila ufalme una bendera. Adui akifika zamu yake, anapewa joho jeusi na kicheko.

BARAKA: Kicheko chenye mwangwi, dada.

ZUHURA: Mwangwi lazima! Halafu mwandishi akiambiwa adui wako haaminiki, anakimbilia dawa moja: utoto wa mateso. Kijiji kilichomwa moto, wazazi wakauawa, ndiyo maana akawa mbaya.

BARAKA: Umenikamata. Hiyo ndiyo rasimu yangu ya pili.

ZUHURA: Mimi hainitoshi. Kijiji kilipochomwa waliponea wengi. Mbona yeye tu ndiye aliyegeuka? Kidonda umenionyesha, uamuzi bado. Nataka kumwona ile siku mlango mwingine ulikuwa wazi, na yeye akaurudishia kwa mkono wake.

BARAKA: Unanikumbusha mtoto wa Fumo Liyongo, yule shujaa wa masimulizi ya Waswahili.

ZUHURA: Ehee, tukae hapo kidogo. Liyongo haingiliki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba, tena ya kitovu. Mfalme amemshindwa. Anamwita mtoto wa Liyongo, anamwahidi binti yake amwoe. Kijana anakwenda kwa baba, anauliza: ni kitu gani kinachoweza kukuua? Na baba si mjinga. Anajua huyu katumwa. Bado anamwambia.

BARAKA: Mimi ndipo ninapoumia pale. Sindano yenyewe hainiumizi hivyo.

ZUHURA: Kwa sababu ameaminiwa. Baada ya jibu lile angeweza kunyamaza, angeweza kulia, angeweza kukimbia asionekane tena. Kila hatua anayopiga kutoka pale mpaka baba analala ni yake mwenyewe. Na anachokitafuta ni nini? Mke na heshima. Nani hajawahi kuvitaka? Mfalme ndiye mwenye njama, lakini anayeninyima usingizi ni yule kijana.

BARAKA: Sawa. Ila kwenye fantasia kuna tatizo jingine: adui ana uchawi. Anaweza lolote. Mtu anayeweza lolote haniogopeshi, ananichosha tu.

ZUHURA: Mimi huuliza uchawi wenyewe nani anaulipia. Ngoja nikupe ninayemwandika sasa hivi. Kuna mji ulio chini kuliko bahari. Maji yamezuiwa na ukuta wa uchawi, na ukuta ule unakula sauti. Kila mwaka mtoto mmoja anapelekwa, anarudi bubu. Anayesimamia ni mwanamke, wanamwita Mlinzi. Wa kwanza kabisa alimtoa mdogo wake.

BARAKA: Na ukuta unafanya kazi kweli, au ni ulaghai?

ZUHURA: Unafanya kazi. Hapo sibanduki. Ungekuwa ulaghai tangu mwanzo, msomaji angemhukumu ukurasa wa tano na kwenda zake kulala.

BARAKA: Nionyeshe basi, nimwone.

ZUHURA: Ana daftari la majina, analiandika kwa mkono wake, hamwachii karani. Na mji mzima, mtu mzima aliyejifunza lugha ya vidole ya wale watoto ni yeye tu. Wazazi wao wanawakwepa, wanaona haya. Kwa hiyo jioni watoto wanakwenda kwa Mlinzi kupiga soga. Taa inawaka, chumba kimya, vidole vinakwenda mbio, mabega yanatikisika kwa kucheka.

BARAKA: Ah, Zuhura. Unataka nimpende.

ZUHURA: Mpende kwanza. Sasa, kila alfajiri anashuka kupima maji kwa fimbo yenye alama. Mwaka wa 19 anachomeka fimbo, anaitoa, ile alama ya chini kabisa ni kavu. Bahari imerudi nyuma. Ukuta hauhitaji kitu mwaka huu. Hakuna mwingine anayejua. Anasimama pale mpaka jua linatoka. Kisha anaichovya fimbo kwenye ndoo, mpaka alama ya juu, anarudi nayo mjini imelowa, anasoma jina la mtoto.

BARAKA: Ndoo!

ZUHURA: Ndoo.

BARAKA: Kwa nini lakini? Hapati faida yoyote.

ZUHURA: Ukimwuliza atakwambia bahari ni kigeugeu, tahadhari ni bora. Ila fikiri. Akikubali kwamba mwaka huu haikuwa lazima, swali linalofuata ni la mwaka jana. Halafu mwaka juzi. Linarudi hivyo hivyo nyuma mpaka linamfikia mdogo wake. Huko hawezi kulifikisha. Mtoto wa mwaka huu anatolewa ili yule wa kwanza asiwe alitolewa bure.

BARAKA: Hapo nimeogopa kuliko majeshi yangu yote.

ZUHURA: Enhe, majeshi yako. Yalikuwa ya akina nani?

BARAKA: Usicheke. Vivuli.

ZUHURA: Kivuli hakidai mshahara, hakina mtoto nyumbani. Adui hatendi peke yake, kuna anayemfungulia lango, kuna anayemshika mtoto mkono kumpeleka ukutani. Wangu ni baharia mmoja mpole sana. Jina la mwanawe lipo ukurasa unaofuata wa lile daftari, na ameambiwa litarukwa.

BARAKA: Na hotuba je? Maana mimi wangu anamfunga steringi kwenye nguzo na kumsimulia mpango mzima, kurasa nne.

ZUHURA: Kata zote nne.

BARAKA: Zote?

ZUHURA: Bakisha sentensi moja, iwe na ukweli ndani. Mimi huchukua maneno ya adui nikampa mtu mwema ayaseme. Yakikaa vizuri kinywani mwake, nayaacha. Kwa mfano, "Wanaonilaani wamelala pakavu." Mama mwenye nyumba karibu na ukuta angeweza kulisema hilo bila aibu.

BARAKA: Anaishaje huyu Mlinzi? Anatubu?

ZUHURA: Nimemwua mara tatu, nikafuta zote. Kutubu kulikuwa rahisi mno, na kuanguka kutoka juu ya ukuta nako, mh, kila mtu anaanguka kutoka juu ya kitu.

BARAKA: Wangu alianguka kwenye volkano.

ZUHURA: Najua. Sasa niko hapa: steringi ndiye yule binti wa mwaka wa 19. Bubu. Anaikuta ndoo imefichwa chini ya ngazi, anaelewa. Anakwenda chumbani, taa inawaka kama kawaida, anamwuliza kwa vidole, vile vile alivyofundishwa naye: "Ulijua?"

BARAKA: Naye anajibuje?

ZUHURA: Anaingiza mikono yake ndani ya mikono ya joho.

BARAKA: Kumbe naye ana joho!

ZUHURA: La kijivu. Na limechanika begani.