Kichocho na Amri Zinazofika kwenye Seli B

Asante, mwenyekiti.

Kule Kisumu, waosha magari hushinda wamesimama kwenye maji ya Ziwa Victoria, na maji hayo yana konokono wanaotoa lava, yaani minyoo michanga, wa kichocho. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka, wakimtibu kwa prazikwanteli kila aliyeambukizwa tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walianza kukaa muda mrefu bila maambukizi, na kazi ni ile ile, maji ni yale yale. Miili yao ilijifunza nini?

Tuziangalie seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Seli B ikimtambua mnyoo, bado haijaamua itoe kingamwili ya aina gani. Uamuzi huo huletwa na saitokini, vijiprotini ambavyo seli T, chembe nyeupe nyingine za damu, na jirani zake hutoa ili kupashana habari. Saitokini ziitwazo intaleukini-4 na intaleukini-13 zikifika, seli B hukata kipande cha DNA yake na kuanza kutoa kingamwili ya aina ya IgE. Ncha ya kingamwili inayomshika mnyoo haibadiliki. Hubadilika mkia, na mkia ndio unaoamua nani ataitwa vitani. Kwa IgE, mmojawapo ni eosinofili, chembe nyeupe zinazoshambulia minyoo, ambazo huongezwa na intaleukini-5.

Sasa iongeze intaleukini-10 juu ya ile intaleukini-4. Seli B huelekea kingamwili ya aina nyingine, IgG4. Hii nayo humshika mnyoo pale pale, ila haiiti mtu: ni kama abiria aliyekalia kiti cha askari. Utafiti wa Gambia wa mwaka 1991 ulikuta kwamba wenye IgE nyingi hawakuambukizwa tena kirahisi, na wenye IgG4 nyingi waliambukizwa zaidi. Ndiyo maana mimi sivutiwi na ripoti inayosema tu "kingamwili zimepanda". Zipi?

Msiione intaleukini-10 kuwa adui, lakini. Mayai ya kichocho yakinasa kwenye ini, yeye ndiye huzuia kinga isiliunguze ini lenyewe.

Na dawa? Mnyoo mzima huishi miaka mingi kwenye mishipa akiwa amejificha. Prazikwanteli humuua, protini zake zinamwagika, na intaleukini-4 na intaleukini-5 hupanda. Waosha magari waliopata ukinzani dhidi ya kuambukizwa tena walikuwa na seli B nyingi zaidi zenye CD23, kipokezi cha IgE ambacho huchochewa na intaleukini-4. Wenzao wenye VVU ambao seli zao za CD4, zile seli T zinazotoa saitokini, zilikuwa zimepungua waliambukizwa tena upesi zaidi. Watoa amri walikuwa wachache.

Basi tutengeneze chanjo ya kuamsha IgE? Brazili walijaribu chanjo ya minyoo ya safura kwa watu wazima waliowahi kukutana na minyoo hiyo. Baadhi yao tayari walikuwa na IgE dhidi ya protini ile ya chanjo. Walivimba ngozi kwa mzio mwili mzima, na jaribio likasimamishwa.

Karibuni kwa maswali.