Mnazi Kama Shahidi: Ardhi, Kilimo na Ushahidi Katika Lamu na Malindi

Asalaam aleikum. Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ambao nawaomba mwingie kwa sababu mikeka bado ina nafasi, nawashukuru kwa kuziacha shughuli za jioni na kuja kusikiliza maneno ya ardhi, maneno ambayo hapa Lamu huanza kwa salamu na kuishia kwa watu kununiana.

Nitaanza na neno moja, kidato. Mwanafunzi wa leo akilisikia hukumbuka shule ya sekondari, lakini mkwezi wa Lamu na mgema wa Malindi wanalijua kwa nyayo zao, kwani kidato ni ule mkato unaotiwa kwenye shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Waliotafuta neno la daraja za masomo walilichukua mnazini, na mimi leo nataka tulirudishe hukohuko, kwa sababu mnazi wenyewe ni maandishi, na shida kubwa ya ardhi ya pwani hii ni kwamba waliokuja kutuandikia sheria hawakujua kuyasoma.

Mnazi mrefu wa kwetu hutoa kuti jipya takriban kila mwezi. Kuti kuukuu likianguka huacha kovu linalozunguka shina, kwa hiyo makovu 12 hivi ni mwaka mmoja wa umri wake. Mwaka juzi nilivuka na mjomba wangu hadi bara, kwenye shamba alilolima babu yangu mzaa mama, tukausimamia mnazi mmoja kwa kipande cha chaki na ngazi ya mianzi. Tulitia alama kila baada ya makovu 12, polepole, kwa sababu sehemu ya chini makovu yamelika na inabidi uyapapase kwa kidole. Ngazi ilipokwisha tulikuwa tumefika miaka 31, na mnazi ulikuwa bado unakwenda juu. Hatua chache kutoka hapo pana kisima chenye ukingo wa jiwe la matumbawe, na katika ukingo huo kamba za ndoo zimechimba mifereji saba, mmoja wake una kina cha kidole changu cha shahada hadi fundo la pili. Haiwezekani kamba ichimbe jiwe namna ile kwa msimu mmoja. Tulipokwenda na habari hizi katika afisi moja ambayo sitaitaja, tulisikilizwa kwa adabu, kisha tukaulizwa barua ya kugawiwa ardhi iko wapi.

Sasa tuelewe jinsi swali hilo lilivyopata nguvu. Katika desturi ya pwani, mti na udongo vilikuwa vitu viwili. Mtu aliweza kuwa na minazi 40 katika shamba la mwenzake, akaiuza, akairithisha, akaiweka rehani au akaifanya wakfu, na mwenye udongo asiwe na neno. Na udongo wenyewe ulipatikanaje? Fiqhi waliyoisoma mababu zetu inasema kwamba mwenye kuhuisha ardhi mfu, ardhi hiyo ni yake, na kuhuisha maana yake ni kufyeka, kuchimba kisima, kupanda, kuzungushia ua. Kazi ya mkono ndiyo iliyokuwa hati. Tena kilimo cha bara ya Lamu kilikuwa cha kuhamahama kwa utaratibu: konde lilimwe mtama, ufuta au pamba misimu kadhaa, kisha liachwe mwitu urudi na udongo upumzike, huku mwenyewe akijua, na jirani yake akijua, kwamba atalirudia. Anayepita na ramani mkononi akikuta konde lililopumzishwa huona msitu usio na mwenyewe. Hapo ndipo tulipoanza kupoteza, pale ambapo mapumziko ya udongo yalisomwa kuwa ni utupu.

Mwaka 1895 Waingereza waliichukua pwani hii kuwa himaya, ukanda wa maili kumi ukabaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi iliyohusu pwani, na utendaji wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuukwepa: kila anayedai ardhi alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili ndani ya muda uliotangazwa, athibitishe, apewe cheti, na ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Uadilifu unanilazimisha niseme kwamba sheria ile haikuwa ya kijinga. Iliitambua hata ile desturi ya mti na udongo, kwa kutoa cheti cha maslahi kwa mwenye nyumba au minazi iliyoko katika ardhi ya mwingine. Ubaya wake ulikuwa katika nani alisikia tangazo, nani alijua kuandika au alikuwa na karani wa kumwandikia, na nani alikuwa na nauli ya kufika mjini na mashahidi wake. Mwenye shamba la Malindi aliyekaa mjini alidai. Mgiriama hakuhesabiwa kuwa mdai, na mwaka 1914, walipopigana na serikali, wakati ule ambao Mekatilili wa Menza alikuwa amewalisha watu kiapo, Wagiriama waliamriwa waondoke kaskazini ya mto Sabaki. Mtumwa aliyeachwa huru, ambaye utumwa wake kisheria ulikoma 1907 tu, alikuwa analima kipande alichoachiwa kwa mdomo. Mbajuni wa vijiji vya bara alikuwa na konde lililopumzika. Hao wote waliamka siku moja wakiwa wageni katika ardhi waliyoipanda.

Uhuru haukuufuta mpaka huo. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua, na miongoni mwa mambo waliyokubaliana ni kwamba hati za pwani zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa daima. Zisikilizeni vizuri sauti za maneno hayo, zilizokwisha kusajiliwa. Aliyekuwa na cheti alihakikishiwa cheti chake, na asiyekuwa nacho hakuhakikishiwa kitu.

Nimewaahidi kilimo, na kilimo ndicho hiki. Pande za Malindi, maskwota, kama wanavyojiita wenyewe bila ya kuona haya, wengi wao waliruhusiwa na wenye mashamba kulima mahindi, kunde na mihogo, lakini wakakatazwa kupanda mnazi, mkorosho au mwembe. Mwenye shamba hakuogopa mahindi, kwa sababu mahindi yakivunwa yameondoka na hayasemi kitu. Aliogopa mti unaokaa miaka 60 na kumshuhudia aliyeupanda. Matokeo yake yamo katika udongo. Mtu asiyejua kama atakuwapo msimu ujao hatii samadi, hajengi matuta ya kuzuia maji, hapumzishi ardhi kwa kuwa ikipumzika atapewa mwingine, na analima mahindi juu ya mahindi mpaka mchanga unabaki mweupe. Kisha huja mtaalamu na warsha ya siku mbili kumfundisha upandaji miti! Miti anaijua vizuri sana, na kilichomzuia kuipanda si ujinga.

Kuna watu wa Malindi walioshauriwa waende mahakamani kwa sheria inayosema kwamba aliyekaa katika ardhi ya mtu kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuomba aandikwe kuwa mmiliki. Sheria hiyo ipo, na imewasaidia baadhi, lakini ina mitego miwili ambayo naomba kila mmoja aifunge kwenye upindo wa shuka yake. Wa kwanza ni ijara: ukimlipa mwenye ardhi kodi hata ya shilingi chache kwa mwezi, kama wafanyavyo wenye nyumba bila ardhi, umekiri kwamba umekaa kwa ruhusa yake, na miaka yako haihesabiwi. Mtego wa pili unatugusa sisi wa Lamu zaidi, kwa kuwa hesabu ya miaka 12 haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya serikali. Unaweza kukaa hapo miaka 100.

Na bara ya Lamu, sehemu kubwa iliingia katika hesabu ya serikali. Vita vya Shifta, baina ya serikali na waliotaka kujitenga upande wa kaskazini mashariki, 1963 hadi 1967, viliwaondoa Wabajuni katika vijiji vya pwani ya kaskazini, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa; miembe yao ikabaki inazaa na kuangusha embe chini. Miaka ya 1970 serikali ilifungua makazi ya Mpeketoni, kando ya ziwa ambalo wenyeji waliliita Mkunguya na sasa linaitwa Ziwa Kenyatta, ikagawa ardhi kwa familia nyingi kutoka bara ya mbali. Sisemi neno baya juu ya mkulima wa Mpeketoni. Naye alipewa msitu, akaufyeka, akapanda, na hatuwezi kusema kazi ya mkono ni hoja kwetu halafu tuikatae kwake. Ninachosema ni kwamba yeye alipewa karatasi pamoja na jembe. Waaweer, ambao haki yao ilikuwa katika asali na mawindo ya msitu wa Boni, hawakuacha hata kisima cha kuonyesha, na tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, hata kuitaja ile kazi iliyokuwa ushahidi wao kumekuwa ni kukiri kosa.

Ujenzi wa bandari ya Lamu ulipozinduliwa rasmi Machi 2012, bei ya ardhi ilipanda na kila aliyekuwa na karatasi akakumbuka ilipo. Hata hivyo baharini, ambako hakuna apandaye mnazi, ndiko tulikopata somo jema kuliko yote. Ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa, kwa Ibara ya 62 ya Katiba, ni ya umma, kwa hiyo mvuvi hawezi kudai umiliki wa bahari. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani na hoja ya matumizi: tunavua hapa, tumevua hapa, na kazi ya bandari inaharibu tunapovua. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa na kuagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Fikirini hiyo 4,600 imetoka wapi. Haki ya kulipwa ilidai majina, na majina yalidai daftari.

Mikoko nitaipitia upesi. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na tangu 1932 ni msitu wa serikali. Mkataji wa boriti na mazio, yaani miti minene na myembamba ya kujengea, ana leseni na hesabu ya korja, miti ishirini ishirini, hana ardhi. Lakini sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu chama cha wanajamii kuandikiana na serikali mkataba wa kuusimamia msitu pamoja, na kijiji chenye mkataba husikilizwa tofauti na kijiji chenye malalamiko.

Nirudi nchi kavu. Katiba ya 2010 iligawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya binafsi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaeleza jinsi jamii inavyojisajili: mkutano wa wanajamii, daftari la wanachama, kanuni zilizoandikwa, na kamati ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15. Kamati haina uwezo wa kuuza. Ardhi haiwezi kutolewa isipokuwa thuluthi mbili ya wanachama watu wazima walioandikwa wakubali. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana, na ikitwaliwa kwa mradi, fidia yake nayo huwekwa hukohuko kwa amana. Mama zetu waliokaa nyuma nawaomba mhakikishe majina yenu yamo katika daftari hilo, jina kwa jina, si "mke wa fulani", kwa sababu thuluthi mbili itahesabiwa kwa majina. Na kwa dhuluma za kale, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliruhusu madai ya tangu Juni 1895 hadi Agosti 2010, ikaweka muda wa miaka mitano ya kuyapeleka. Mnaiona sura ya 1908 inavyochungulia dirishani: madai, muda, na asiyesikia tangazo.

Mzee mmoja wa Mkunumbi aliniuliza kabla hatujaanza, kwa sauti ya chini, kama mimi na mjomba tulishinda. Hatujashinda. Lakini tulirudi shambani tukiwa watu tisa, pamoja na jirani yetu ambaye babu zetu waligombana kwa mpaka, tukakitaja kila kisima kwa jina lake na kila mwembe kwa aliyeupanda, kijana mmoja akichukua alama za mahali kwa simu yake na binti yake jirani akiandika katika daftari la mistari, na kila ukurasa ukatiwa sahihi au dole gumba la wazee watatu. Mnazi wetu umeandikwa wa kumi na nne. Mbele ya jina lake pana umri, na kwa kuwa ngazi haikufika kileleni, tumeandika "miaka 31 na zaidi", tukaacha nafasi ya mkwezi aje amalizie hesabu.