Chokaa juu, kisima chini

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie afya ya mji wa London enzi za Malkia Victoria. Mji ule ni mkubwa mno kwa saa moja. Nitasimama kwenye parokia moja tu, St James, pale Soho, mwaka 1854.

Usiku wa tarehe 31 Agosti kipindupindu kiliwavamia wakazi wa Broad Street na vichochoro vyake. Ndani ya siku kumi kilikwishaua zaidi ya watu 500. Parokia haikukaa bure: ilimwaga chokaa ya klorini njiani. Tusiwacheke. Madaktari wengi wa siku zile waliamini maradhi hupandia uvundo, basi wakauwinda uvundo. Klorini leo tunaitia kwenye maji ya kunywa. Wao waliimwaga juu ya mawe, na chini yake kisima kikaendelea kutekwa.

Daktari John Snow alikwenda mbele ya bodi ya walezi wa maskini wa parokia jioni ya tarehe 7 Septemba, akawaambia maradhi yanatoka kwenye maji ya kisima kile, yaliyotekwa kwa pampu ya Broad Street. Kesho yake mpini wa pampu ukang'olewa. Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi naomba tuingie nyumba namba 40, iliyotazamana na pampu.

Humo mtoto wa miezi mitano alianza kuhara tarehe 28 Agosti. Mama alifua nepi, maji akayamwaga kwenye shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Kutoka shimo lile hadi kisimani hapafiki mita moja. Aliyeifichua habari hii ni kasisi msaidizi Henry Whitehead, ambaye (hapa huwa nacheka) alianza uchunguzi akitaka kumkanusha Snow. Lakini alizijua familia, na alirudi nyumba zilezile mara kwa mara mpaka watu wakakumbuka.

Snow mwenyewe alikiri kwamba vifo vilikwisha kupungua kabla ya mpini kutoka, maana watu walikuwa wamekimbia. Kwa hiyo wapo wanaosema mpini haukuokoa mtu. Wanamsahau baba wa mtoto yule: aliugua tarehe 8 Septemba, siku ileile mpini ulipotolewa, na shimo la nyumba lilikuwa ni lilelile. Mpini ungebaki, watu wangekunywa uchafu wake pia.

Lilikuja kufukuliwa Aprili 1855. Matofali yake yalikuwa yameoza, uchafu ukipenya kuelekea kisimani.