Mfumo Usio na Mwenyewe

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahandisi na wahasibu mliopo, nashukuru kwa nafasi hii. Nimefurahi kuona watu wa fedha na wa rasilimaliwatu wamekuja kwa wingi, maana nitakayosema leo yanawahusu sawasawa na wale wanaoshinda kwenye chumba cha seva, yaani kompyuta kubwa zinazoendesha mifumo yetu.

Nianze na tarehe 1 Agosti 2012. Siku hiyo Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara ya hisa kwa kompyuta, ilianza kutumia programu mpya. Programu hiyo ilitakiwa iwekwe kwenye seva nane. Ikawekwa kwenye saba. Ile ya nane ilibaki na programu ya zamani iitwayo Power Peg, ambayo kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003 lakini hakuna aliyeiondoa. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaanza kumwaga oda za kununua na kuuza hisa mfululizo. Katika dakika 45 hivi miamala ilizidi milioni 4, na hasara ikapita dola milioni 460. Mwaka uliofuata kampuni ikaunganishwa na nyingine.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, lakini yako mambo mawili ambayo naomba tuyakalie. Asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja kosa linalohusu Power Peg. Hazikuwa zimepangwa kuwa tahadhari, na hakuna mtu aliyekuwa amepewa jukumu la kuzifuatilia. Kisha, mambo yalipoharibika, mafundi wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa salama, wakidhani ndiyo chanzo cha tatizo. Kwa kufanya hivyo wakairudisha ya zamani, wakawa wameiamsha Power Peg kwenye seva zote nane. Watu hawa walikuwa hodari na wazoefu. Ila hawakujua ndani ya mashine zao mna nini.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Naamini kabisa kwamba kazi ya kwanza ya kusimamia TEHAMA katika taasisi kubwa ni kujua tuna nini, kiko wapi, na ni mali ya nani. Usalama, bajeti, hata miradi mikubwa tunayoizindua kwa mbwembwe, yote yanasimama juu ya rejesta yenye majibu hayo matatu.

Tazameni Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Machi 2017 lilitangazwa tundu kubwa la usalama katika Apache Struts, programu inayotumika kujengea tovuti, na kiraka cha kuliziba kikatolewa. Kampuni ilisambaza agizo kwa mamia ya wafanyakazi kwamba kiraka kiwekwe ndani ya saa 48. Kwa hiyo sera ilikuwepo, na agizo lilitoka kwa wakati. Lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati, na waliopaswa kuweka kiraka hicho hawakuipata barua. Mashine zikakaguliwa ili kuona ni wapi Struts inatumika, na ukaguzi ukapita bila kuiona. Kuanzia Mei wavamizi walikuwa ndani, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa.

Sasa tuje kwetu, kwa kazi ambayo taasisi yoyote inaweza kuifanya mchana mmoja. Chukueni orodha ya mishahara ya mwezi huu. Chukueni orodha ya akaunti zote zilizo hai kwenye mifumo yenu. Wekeni hizo mbili bega kwa bega kwenye lahajedwali moja, kisha tafuteni akaunti ambazo hazina mtu. Mtakuta wastaafu. Mtakuta wakandarasi ambao mikataba yao iliisha zamani. Mtakuta akaunti zinazoitwa “test2” au “mafunzo”, zilizofunguliwa kwa ajili ya zoezi fulani zikapewa ruhusa zote ili kazi iende haraka, na ruhusa hizo zipo mpaka leo. Akaunti ya aina hii si jambo dogo. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial nchini Marekani lilisimama kwa siku kadhaa, na wavamizi waliingilia kwenye akaunti ya VPN, yaani njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni ukiwa mbali, ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini ilikuwa haijafungwa. Ililindwa na nenosiri tu.

Narudi kwenye suala la mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo taasisi nyingi zinapokosea. Ukiuliza mfumo wa mishahara ni wa nani, utajibiwa, “Wa TEHAMA.” Sikubaliani kabisa na jibu hilo. TEHAMA ni mtunzaji. Mwenye mfumo ni mkuu wa idara ambayo kazi yake inakwama mfumo ukizima. Yeye ndiye aseme nani aingie na nani atolewe, data itunzwe miaka mingapi, na mfumo ukianguka tunaweza kuvumilia saa ngapi. Fundi hawezi kuyajibu hayo, na hana mamlaka ya kuyajibu. Mkimwachia yeye, atampa ruhusa kila anayepiga simu, kwani hana msingi wa kumkatalia. Kwa hiyo kwenye rejesta, mbele ya kila mfumo, liandikwe jina la mtu mwenye cheo na sahihi. Msiandike jina la idara, wala la kamati. Na siku mtu huyo akihamishwa, rejesta ibadilishwe kabla hajakabidhi ofisi.

Wapo watakaosema kwamba wao mifumo yao inaendeshwa na mkandarasi. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake kwenye mfumo mpya uliojengwa na kampuni dada, ambayo ndiyo ilikuwa mkandarasi wake. Data ilihama, lakini mfumo ukayumba, na wateja wengi wakashindwa kufikia fedha zao. Kabla ya kuhama, mkandarasi alikuwa amethibitisha kwa barua kwamba yuko tayari, naye akitegemea ahadi za wakandarasi walio chini yake. Benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65 mwaka 2022. Mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wake wa TEHAMA naye akatozwa faini, kutoka mfukoni mwake, zaidi ya pauni 81,000, kwa kutosimamia ipasavyo huduma za mkandarasi. Kazi unaweza kuikabidhi kwa mwingine, lakini uwajibikaji unabaki kwako. Mkandarasi akisema yuko tayari, mwambieni awaonyeshe matokeo ya majaribio.

Najua mtaniuliza kuhusu ile seva iliyoko pembeni, inayowaka taa usiku na mchana, na hakuna anayejua inafanya nini. Ipo kila mahali. Msiizime kwa pupa, na msiiache. Kwanza chukueni nakala rudufu, mjaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine, mhakikishe inawaka. Tangazeni kwa idara zote kwamba mtaikata kwenye mtandao tarehe fulani, kisha ikateni bila kuizima, ili mtu akilalamika irudi ndani ya dakika chache. Atakayelalamika, mwandikeni: ndiye mwenyewe, au anamjua. Asipotokea mtu, subirini mpaka hesabu za mwaka zifungwe, maana ipo mifumo inayoamka mara moja tu kwa mwaka. Baada ya hapo ifungeni, na aliyeamua ifungwe aweke sahihi yake kwenye rejesta.